Fungate ya Ingrid

Kampuni yetu ya utalii ilipotaka tovuti, mimi, bingwa wa kozi fupi ya kompyuta pale Daraja Mbili, niliikataa mifumo yote waliyopendekeza wenzangu. Nikachagua ule unaoruhusu wageni kuandika maoni, nikajisajili na kubandika picha yangu nimevaa tai. Wageni hawakuandika kitu. Basi nikawaandikia mwenyewe, kwa ukarimu wangu wote. "Ingrid" wa Ujerumani alisifu fungate yake na mumewe chini ya Mlima Meru.

Jana bosi, Mama Mushi, aliwafungulia mawakala ukurasa huo kwenye skrini kubwa. Mfumo wangu mwaminifu ulikuwa umeweka picha yangu kando ya kila sifa.

Mama Mushi akavua miwani.

"Baba Neema, huyo mume wako Mjerumani tutamwona lini?"