Kura Moja na Basi la Ijumaa

Haya alinisimulia mjukuu wangu Njenga Ijumaa iliyopita, tumeketi kwenye mchanga wa Shahaniya, nje ya Doha, tukitazama ngamia wakishindana mbio.

Mgongoni kwa kila ngamia palikuwa na kamashine kadogo kanachapa kiboko. Mtu hakuna. Mwenye ngamia yuko pembeni ndani ya gari, anabonyeza tu.

"Njenga," nikamwambia, "niambie polepole. Ilikuwaje mkaletwa huku?"

Akainamisha kichwa.

Wacha nianze na niliyoyaona mwenyewe, halafu nitawapa ya kwake.

Mimi nakaa Al Mansoura kwa Wairimu, dada yake Njenga, ambaye ni nesi. Nilikuja kumlelea mtoto. Mwezi ujao narudi nyumbani, na kwa umri huu sijui kama nitapanda ndege tena.

Njenga ni mlinzi. Analala kambini Industrial Area na wenzake. Kwangu hufika Ijumaa tu, kwa basi la kampuni, siku yake ya ofu.

Kwa hiyo Ijumaa mimi naingoja wiki nzima.

Sasa kampuni ikasema basi la Ijumaa litakuwa linaenda mahali pamoja tu. Mahali gani, aseme mwakilishi wa wafanyakazi. Na mwakilishi apigiwe kura.

Vijana wakamsimamisha Njenga. Ahadi yake ilikuwa fupi: basi liende Mansoura. Kuna vinyozi wa kwetu, kuna unga wa ugali, kuna mimi.

Karani wa kampuni akasema mgombea hawezi kuwa mmoja, lazima apatikane wa kushindana naye. Njenga akamwomba Mzee Job amwazime jina. Mzee Job ni mlinzi kama wao, Mturkana, mpole, amezeekea kwenye mageti ya Qatar. Akakubali. Hata siku ya kura hakuwepo, alikuwa zamu Al Rayyan.

Hapo mtu atashindwaje?

Sanduku liliwekwa kwenye bwalo la chakula pale kambini, tangu alfajiri hadi adhana ya mchana wa Ijumaa.

Asubuhi mapema nikasikia mlango. Vijana hao, sebule nzima, viatu vimejaa hadi kwenye ngazi.

"Mmepiga kura?" nikauliza kabla sijawapa chai.

"Mimi nimepiga, shosho," akasema Njenga.

Wengine wakatazama birika.

"Owen?"

"Shosho, Njenga ana kambi nzima nyuma yake. Yangu moja ni ya nini? Nipange foleni bure?"

"Foleni ilikuwa ndefu?"

"Sijui. Sikuenda."

"Na wewe, Bradley?"

"Mimi siasa niliacha, shosho. Hao wote ni wale wale."

"Wote ni nani? Si ni Njenga na Mzee Job?"

"Naongea kwa jumla."

Nikawaambia warudi, chapati zitangoja. Owen akasema zitapoa. Mwingine akasema alipita karibu kabisa na bwalo, lakini basi lilikuwa linanguruma na angekosa siti ya dirishani.

Sikugombana nao. Nikaendelea kusukuma chapati.

Basi Bradley, yule aliyeacha siasa, akashika chapati akaikatakata kwenye sahani akitueleza serikali ya kwetu itakavyogawanywa. Hapa Magharibi, hapa Pwani, hapa Mlima. Owen akambishia, wakapandishiana sauti mpaka mtoto wa Wairimu akaamka analia.

"Wewe hujui Bonde la Ufa limekaaje, manze," Bradley akamwambia, akalichovya Bonde la Ufa kwenye ndengu akalila.

"Na nyinyi wote mmejiandikisha kupiga kura pale ubalozini?" nikauliza.

Mtu akaomba chumvi.

Adhana ikalia msikitini. Nikawaambia sanduku limefungwa. Wakanawa mikono, wakaomba zingine.

Jioni Njenga akanipigia simu.

"Shosho, nimeshindwa."

"Ngapi kwa ngapi?"

"Moja kwa sifuri."

Nikafikiri ni mpira. Nikamuuliza tena. Akasema moja kwa sifuri, Mzee Job ana moja, halafu akakata.

Usiku ule niliwaza sana. Kama Njenga alipiga, ya kwake ilienda wapi? Nikasema kimoyomoyo, huyu ameibiwa. Nilikuwa tayari kwenda kambini mwenyewe na leso yangu kiunoni.

Sasa ya kwake, jinsi alivyonisimulia Shahaniya.

Alifika bwaloni asubuhi, hakukuta mtu. Akasema, ah, wenzangu wamepiga mapema. Akachukua karatasi. Akaona jina lake, akaona la Mzee Job. Akawaza: mimi nina kambi nzima, mzee wa watu atapata sifuri, na itasomwa mbele ya vijana wadogo wanaomwita baba. Aibu gani hiyo.

Akampigia Mzee Job kura, moja tu, ya kumsitiri.

"Na kujipigia mwenyewe niliona kama ulafi, shosho. Si wewe ulinifundisha nisijipakulie mbele ya mkubwa?"

Ngamia wakapita, vumbi likatuingia puani.

Mchana ule mandubu, mtu wa kampuni anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, alifungua sanduku. Akatoa karatasi moja. Akachungulia ndani. Akalipindua, akaligonga kitako. Akauliza kama kuna sanduku lingine.

Halafu akampigia simu Mzee Job kazini: wewe ndiye mwakilishi, basi liende wapi?

Mzee wa watu akashtuka. Akajibu lililokuwa moyoni, mtu aliyekulia Turkana akichunga.

"Kwa ngamia."

Khalas, imekwisha, ikaandikwa. Ndiyo maana Ijumaa iliyofuata vijana waliotaka kinyozi na unga wa ugali walikuwa wamejipanga kwenye uzio wanatazama wanyama. Na ndiyo maana ilibidi Wairimu anilete na gari, na chapati kwenye hotipoti, nimwone mjukuu wangu.

Mbio zilipokwisha vijana wakaingia kwenye basi, kwenye baridi ya AC, nikawapitishia chapati. Kisha nikamfuata Mzee Job pale uzioni.

"Job, mwanangu, narudi nyumbani mwezi ujao. Nirudishie Ijumaa yangu."

Akavua kofia. "Mama, mimi hata sikutaka. Ni vile nilikuwa sijawahi kuulizwa napenda nini."

"Najua."

"Wakitaka kubadilisha, mimi sina neno. Wako hapa wote. Wanyooshe mikono tu."

Tukapanda. Mzee Job akasimama mbele, akakohoa.

"Vijana, wanaotaka Mansoura, mikono juu."

Basi zima lilikuwa limelala. Bradley mdomo wazi, simu kifuani bado inatoa sauti ya mwanasiasa wa kwetu anayehutubia. Owen amejifunika koti.

Macho yaliyokuwa wazi ni ya Njenga, kiti cha mbele. Akamtazama Mzee Job aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikauona mkono wa Njenga unainuka, unafika sikioni, unajikuna kichwa.

"Njenga," nikasema, "mzee mpe siti. Mkono nyoosha."

Akasimama, akampisha mzee siti, akanyoosha.

"Wanaotaka ngamia?" Mzee Job akauliza.

Akageuka dirishani. Huko nje ngamia walikuwa wanavishwa mablanketi yao. Alitazama sana. Mkono wake ukabaki kwenye kofia.

"Moja kwa sifuri," akasema. "Mansoura."

Nikampa chapati zilizobaki, nikamwambia na yeye aje Mansoura.

Wajukuu zangu mnaosoma, watu husema vijana hawapigi kura kwa kuwa hawajali. Hawa wanajali mpaka wanaamsha watoto wa watu. Ila kila mmoja anaamini mwenzake ameshaenda. Nenda wewe. Na ukifika huko, usione haya kujipigia.

Dereva akawasha basi. Mzee Job alikuwa ameshaanza kukoroma. Njenga akakaa chini kwenye ngazi, akaegemeza kichwa, naye usingizi ukamchukua.

Nilipokuwa nashuka nirudi kwenye gari la Wairimu, Owen akafumbua jicho moja.

"Shosho, kuna nini? Nani ameshinda?"

"Nyinyi."

"Si niliwaambia," akasema, akavuta koti, akalala.