Gundi Haijakauka

Gundi ya mbao hukauka kwa siku moja. Ukiwa mwoga, ipe siku mbili. Dada yangu aliisubiri miezi mitatu na nusu.

Shemeji, yaani mumewe, alibandika shingo ile ya gitaa Jumanne mchana, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo, na hakuamka tena. Tukazika. Wiki iliyofuata dada alikuwa karakanani saa mbili kamili asubuhi, aproni kiunoni, akifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Hakulia. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Mimi sikumsifu, kwa sababu namjua: huyu ni mtu wa kulia hata jirani akikata kitunguu. Hakuwa amejikaza, hakuwepo tu. Ukimwambia chai iko tayari, anakunywa. Usipomwambia, hanywi.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili. Wao wawili walitengeneza magitaa, mimi nikipiga vanishi na kununa. Shingo zilikuwa kazi ya shemeji. Hakutumia kipande kimoja cha mbao, kwa kuwa kipande kimoja waya zikikivuta hupinda kinavyotaka chenyewe. Alipasua ubao vipande vitatu virefu, akachora mshale wa penseli juu ya kila kimoja kuonyesha mti ulikuwa ukikua kuelekea wapi. Kisha kile cha katikati alikigeuza kichwa chini miguu juu, ndipo akavibandika vyote pamoja. Kikitaka kupinda huku, wenzake wanakivuta kule.

"Kama mimi na dada yako," alikuwa akiniambia. "Ndiyo maana nyumba imenyooka."

Akikosea, hakukubali hata siku moja. Dada atasema, "Umekosea, baba watoto." Naye, kwenye kigoda chake cha dirishani, bila kuinua kichwa: "Mbao ndiyo imekosea." Miaka ishirini na sita, neno kwa neno. Lakini shingo iliyokosewa aliikata vipande viwili siku hiyo hiyo, hata kama kwa macho imenyooka, maana itakuja kupinda mikononi mwa mwenyewe aliyeinunua. Hiyo ilikuwa sheria yake na hakuna aliyeivunja.

Basi shingo ya mwisho ilibaki mezani, imezungushiwa nailoni ili gundi isishike meza, imebanwa na klempu saba. Mwalimu wa kwaya aliyeagiza gitaa alikuja mara ya kwanza kutoa pole, mara ya pili kuulizia kwa aibu.

"Gundi haijakauka," dada akamjibu.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama kopo la vanishi.

Alipokuja mara ya tatu akajibiwa vile vile na kuondoka, uzalendo ukanishinda.

"Dada, gundi gani hiyo? Hata zege lingekuwa limeshakauka."

"Nimesema haijakauka."

"Kwani unaogopa nini?"

Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia. "Nikifungua, atakuwa amemaliza kazi. Sasa hivi bado hajamaliza." Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayoombea msasa.

Nilijuta kuuliza. Nikarudi kwenye brashi yangu, lakini swali lilikuwa limeshamwingia, na baada ya muda nikasikia klempu ya kwanza ikilegezwa. Alizifungua zote saba, akazipanga, akachana nailoni. Nikasogea karibu. Shingo ilikuwa imenyooka, imeshikana vizuri. Ila mishale yote mitatu ilielekea upande mmoja. Shemeji alisahau kukigeuza kipande cha katikati. Bila shaka Jumanne ile alikuwa tayari hajisikii vizuri, na hakutuambia.

"Haionekani," nikasema haraka. "Ukipitisha randa mishale inafutika. Mwalimu atajuaje?"

Na nilimaanisha. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake, na mimi ninayejifanya mkali nilikuwa tayari kumdanganya mwalimu wa watu ili tu isiguswe.

Dada aliibana shingo kwenye jiliwa, akachukua msumeno, akaikata katikati taratibu mpaka nusu moja ikaanguka sakafuni. Uso wake ulikuwa ule ule wa miezi yote. Akapangusa mikono kwenye aproni.

"Umekosea, baba watoto," akasema.

Kisha akageukia kigoda cha dirishani, akangoja. Tabasamu lilikuwa limeshaanza mdomoni kwa mazoea. Nililijua jibu, lakini halikuwa langu kulisema. Kigoda kilikuwa kitupu. Nikaona tabasamu likimwishia. Akakaa chini pale pale kwenye unga wa mbao, akalia kwa sauti mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja mbio, sindano mkononi, kuuliza kuna nini.

"Tumefiwa," nikamwambia.