Doa kwenye Blauzi ya Mama Annah

Nabalayo alikuwa muuza mboga wa mtaa wa Kaloleni jijini, mwanamke wa maneno. Angeweza kubishana na mteja juu ya fungu moja la mrenda mpaka wote wawili wakaishia kucheka. Lakini mbele ya mama mkwe wake alifyata ulimi. Mama Annah alikuwa ametoka Bungoma mwaka wa tisini na nne kuja kutibiwa macho, macho yakapona, naye akakaa. Alilala na mjukuu wake Triza nyuma ya pazia lililogawa chumba. Hakuwa mtu wa kufoka. Ukali wake ulikuwa katika kunyamaza.

Nabalayo ndiye aliyemfulia nguo. Asubuhi moja aliona doa dogo la hudhurungi kwenye blauzi, upande wa kushoto, kifuani. Akadhani ni chai. Juma lililofuata blauzi ilikuwa nyingine, na doa lilikuwa pale pale. Akalinusa. Haikuwa chai.

Akaiachia blauzi ndani ya povu. Alipokuwa msichana, shangazi yake wa Kimilili alificha titi bovu chini ya leso hadi harufu ikatoboa siri. Watu walisema amerogwa. Aliyemwosha siku zile za mwisho, akipumua kwa mdomo, alikuwa Nabalayo.

Akamwambia mumewe, Patrobas Mukhwana, aliporudi kutoka kiwandani.

"Mama yako anaumwa."

"Wapi?"

Nabalayo akagusa kifua chake mwenyewe. Mukhwana akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"We! Unataka mimi nizungumze habari za maziwa ya mama yangu? Hayo malizaneni wanawake." Akachukua kofia, akatoka.

Jirani yao Njoki ndiye aliyemwambia kwamba kwenye kliniki ya kanju, ile ya baraza la jiji, kulikuwa na nesi, Sista Nyamai, anayepima wanawake matiti na kuwafundisha kujipima wenyewe. Nabalayo alizunguka na neno hilo mdomoni siku kadhaa. Hatimaye alimkuta Mama Annah akichambua maharagwe, akaketi kando yake.

"Mama, nataka tuende kliniki."

"Macho yangu yamepona."

"Si macho, Mama. Nimeona blauzi."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya ungo. "Umemwambia nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu!" Mama Annah akainuka, maharagwe yakamwagika. Akaingia nyuma ya pazia, akaanza kufunga virago.

Nabalayo akasimama mlangoni. "Mama, nilimwosha shangazi yangu akioza. Sitaki kukuosha wewe."

 Kitanda kikalia. Mzee alikuwa ameketi.

"Twende," alisema. "Ila mwanamume asiniguse."

Kliniki ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa shuka la kijani. Sista Nyamai alikuwa mpole, lakini Mama Annah alishika vifungo vyake kama mtu aliyevamiwa na wezi.

"Sijavuliwa nguo na mtoto mimi. Avue huyu kwanza, nione."

Nabalayo akacheka kwa woga, akavua. Sista akamlaza, akaanza kumweleza mzee: "Tazama, Mama. Hivi, kwa tumbo la vidole, mduara mdogo mdogo, mpaka kwapani. Haiumi." Vidole vilipita upande wa kulia. Vikarudi. Vikapita tena, vikarudi pale pale, na yale maelezo yakakatika.

"Dada, hapa umewahi kuhisi kitu?"

"Wapi?"

Sista akamshika mkono, akaupeleka pale. Kilikuwepo: kidogo kama punje ya hindi, kigumu, hakisogei. Nabalayo alikuwa akiuosha mwili huo kila siku asikijue.

Alipogeuza uso akamwona Mama Annah anafungua vifungo vyake mwenyewe, bila kuambiwa.

Wote wawili walipelekwa hospitali kubwa. Cha Mama Annah kilikuwa kijinyama tu ndani ya mrija wa maziwa, kisicho na madhara. Wakakitoa, doa likakoma. Nabalayo alichomwa sindano, wakachukua chembe za ule uvimbe, akaambiwa asubiri majibu. Kusubiri kule kulimla. Wateja walimwita wasijibiwe. Usiku alikiminya kile kidude kana kwamba angeweza kukifuta.

"Ni saratani," daktari alisema siku ya majibu. "Lakini tumeiwahi, haijatembea. Titi itabidi tulitoe."

Nabalayo akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani, akaamua haendi. Halikuwa linauma. Labda wamekosea. Na Mukhwana je, atamtazama vipi?

Siku ya kulazwa ilipofika, alipanga mboga zake kama kawaida. Mama Annah akamfuata pale pale.

"Kusanya mboga."

"Mrenda utanyauka, Mama."

"Unyauke. Ulisema hutaki kuniosha. Sasa mimi, na uzee huu, ndiye nikuoshe wewe?"

Nabalayo akaficha uso kwenye leso, akalia mbele ya wateja.

Wakarudi nyumbani. Mukhwana alikuwa anavaa viatu kwenda kazini. Mama yake akaziba mlango.

"Mke wako anaumwa nini?"

"Mama, si unajua..."

"Mimi najua. Sema wewe."

Mukhwana akatazama sakafu.  "Ana saratani," alisema, kisha kwa sauti iliyokwaruza, "ya titi."

"Basi. Mtu anayeweza kusema hivyo anaweza kumsindikiza. Mshike mkono mwende."

Akamshika. Kiwandani hawakumwona siku ile.

Titi lilitolewa. Baadaye yakafuata matibabu ya mionzi yaliyomchoma ngozi, na mkono wa kulia ukawa unavimba kila akibeba mzigo. Kwa muda mrefu alivaa gizani. Mukhwana, ambaye hakuwa na maneno, alijifunza kumkanda ule mkono kutoka vidoleni hadi begani, na siku moja akagusa kovu bila kuombwa.  Mama Annah alirudi Bungoma, na habari zikawa zinawafikia kwamba huko kisimani anawauliza wanawake waziwazi kama wamejipima, wengine wakimkimbia.

Hofu haikuisha. Mwaka wa tisini na tisa, walipokuwa wamehamia Njiru, Nabalayo alikuwa bado akirudi Kaloleni kila mwaka kupimwa. Alilala nyuma ya lile shuka la kijani, macho kwenye dari, vidole vya Sista Nyamai vikizunguka titi lililobaki, taratibu, mpaka kwapani. Mahali fulani vikasita. Nabalayo akabana pumzi. Vikapita tena, vikaendelea.

"Vaa nguo, dada," Sista akasema. "Ni salama."

Nabalayo akabaki amelala pale kitambo, akipumua.