Kavu Ajifunza Kuyaacha Maji

Jina la Kavu alipewa na wachimbaji wenzake. Mgodi wa makaa ya mawe ulipokuwa hai, yeye alikaa juu na pampu, akivuta maji yaliyochuruzika kwenye mahandaki ili walio chini wasizame. Jioni walitoka kwenye lifti weusi tii, miguu mikavu, wakimpigia kelele: "Kavu, leo umetuacha na kiu!"

Mgodi ulifungwa, pampu zikazimwa, maji yakajaa. Mtaa nao ukanywea, maduka yakabaki makufuli matupu. Kisha ikaja kampuni iliyogundua kwamba maji ya kule chini ni ya uvuguvugu. Sasa bomba jembamba huyapandisha na kuyazungusha kwenye vitalu vya nyanya, mabanda ya vioo yaliyojengwa pale palipokuwa na lundo la makaa. Bila joto hilo, kwa baridi ya huku, nyanya haziivi. Mke wa Kavu anafanya kazi humo, anapanga nyanya kwenye makasha.

Kavu mwenyewe alirudishwa kwenye chumba kilekile, kwenye pampu ileile kubwa. Kilichogeuka ni kazi. Sasa anatakiwa kuyaacha maji yapande, na pampu aiwashe tu yakikaribia kumwagika nje. Yakishuka chini ya mdomo wa bomba, bomba linavuta hewa na vitalu vinapoa.

Haya yote anayaeleza bila kukosea. Tatizo lake ni mkono. Kwenye kipimo cha maji kuna alama ya zamani ya rangi nyekundu. Enzi zile mshale ukiigusa, king'ora kililia na watu chini wakaanza kukimbia. Tangu aajiriwe upya mshale umeigusa mara mbili, na mara zote mbili Kavu alijikuta amesimama, pampu inanguruma, hakumbuki ameinuka saa ngapi.

Baada ya mara ya pili mkewe alirudi na nyanya zenye mabaka.

"Zimepigwa baridi. Wanasema kuna mtu anachezea maji."

"Nani huyo?"

"Unaniuliza mimi, baba watoto?"

Kesho yake aliitwa na injinia, binti wa rika la kitinda mimba wake.

"Mzee wangu, ukirudia tena sitaweza kukutetea. Mavuno yakiharibika, na wale akina mama wa vitalu watarudishwa nyumbani."

"Nimekuelewa, binti yangu. Ila kule chini hakuna mtu?"

"Hakuna, mzee. Miaka sasa."

"Najua. Nilikuwa nauliza tu."

Shemeji yake, mchimbaji wa zamani, hakumwonea huruma. "Yaani shemeji umehamia kwa adui! Siku hizi maji ndiyo yanakulipa mshahara?"

Mkewe ndiye aliyekuja na dawa. "Ukiona mshale unapanda, kalia mikono."

"Kama mtoto?"

"Kama mtu anayetaka kazi. Na mimi yangu naitaka."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mfululizo na mshale ukaanza kupanda. Kavu akaikalia mikono. Mshale uligusa alama nyekundu, ukaipita. Masikio yake yalikisubiri king'ora, ingawa kiling'olewa zamani na ukutani yamebaki matundu ya skrubu. Vidole vikafa ganzi. Mwishowe akachomoa mkono mmoja ili apige simu. Alichomoa wa kushoto. Wa kulia ndio wenye mazoea.

"Yamepita alama," alimwambia injinia.

"Safi sana, mzee!"

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Endelea hivyohivyo."

Akaendelea hivyohivyo, ameketi juu ya mkono mmoja, mpaka mtu wa zamu ya usiku alipokuja kumpokea.

Nyumbani mkewe alikuwa amechangamka. "Vitalu leo vina joto mpaka tumevua masweta! Umefanyaje?"

"Sikufanya kitu."

"Basi hongera, mume wangu."

Kavu alitazama kiganja chake cha kulia, kilichochorwa mistari ya mbao za kiti.

"Hongera ya nini?" aliuliza. Hakuwa anatania. Alitaka aambiwe.