Kopo la Shangazi

Juzi dukani niliona kopo la kastadi, la njano vilevile, hasira ikanipanda upya. Shangazi alituletea kama lile kutoka Tanga, wakati vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani. Mama aliliweka rafuni bila kulifungua. Akakoroga maziwa ya ng'ombe wetu na mayai mpaka jikoni kote kukanukia, akaijazia kastadi yake hiyo kwenye maandazi.

Shangazi aliuma, akafumba macho. "Wifi, kastadi ya Ulaya haina mfano!"

Mkono wa mama umekufa ganzi kwa kukoroga, sifa lipewe kopo! Nilipotaka kusema, mama alinifinya paja.

"Asante, wifi," akajibu kwa upole. Nilidhani anamwogopa.

Shangazi alipoondoka, mama alilifungua kopo, unga wote akawamwagia kuku, kopo tupu akaligeuza la kuwekea chumvi.