Nilimshtaki Jirani kwa Sababu Alininyima Mkono

Nina miaka thelathini na mmoja, mke wa karani wa reli anayevuka mto kwa pirogi kila asubuhi kwenda kazini Lubunga. Tuna watoto wanne na nyumba yetu iko Kabondo. Jina langu lifichwe, tafadhali, kwa maana mtaani kwetu hata kikohozi cha mtu kinajulikana ni cha nani. Mimi ni mtu wa maneno, sikatai. Mume wangu husema ulimi wangu huamka kabla yangu. Safari hii ulimi huo umemtia mtu jela, na sioni namna ya kumtoa bila kuingia mimi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni fundi mshonaji, Mwislamu wa zile familia za zamani za hapa Kisangani. Mke wake nitamwita Mama Zaina. Tumeombana chumvi na makaa tangu mwaka wa uhuru. Waasi walipokuwa wameushika mji, baba yake fundi alifariki kwa ugonjwa, nami nikaenda kutoa pole. Nikamkuta fundi anatoka uani, uso na mikono vimelowa maji. Nikamnyoshea mkono. Akaurudisha wake nyuma haraka, akasema, "Usiniguse, mama," akapita. Nikabaki na mkono wangu hewani mbele ya waombolezaji wote. Niliona aibu, na niliudhika sana.

Wakati ule kila mtu mjini alijua kwamba waasi wakichanjwa dawa ya vita hupewa miiko, na mmoja ni kutoguswa na mwanamke, dawa isije ikaharibika. Nikajiambia, kumbe na huyu amechanjwa. Haukupita muda, waasi wakamuua mdogo wangu wa kiume, mwalimu wa shule ya msingi, eti kwa kuwa alisema Kifaransa vizuri. Tangu hapo nilikuwa natafuta mtu wa kumchukia, na fundi alikuwa karibu.

Waasi walipofukuzwa, polisi walianza kuuliza nani alikuwa pamoja nao. Sikungoja kuulizwa. Nilikwenda mwenyewe kwa komisari, nikaapa, nikasema fundi amechanjwa dawa na nimeona kwa macho yangu. Nikatia sahihi. Nilichokiona ni mkono tu, lakini nilikuwa na hakika kama ninavyojua majina ya wanangu. Walimchukua mchana, akiwa kwenye cherehani. Walipomvua shati wakamkuta na chale kifuani, za utotoni, kama walizo nazo watu wengi hapa. Wakasema basi, yamethibitika.

Nilimpelekea Mama Zaina pondu ya majani ya muhogo na wali, kama inavyotakiwa jirani akipatwa na jambo. Shemeji yake akaingia akielekea msikitini. Nikamnyoshea mkono. Naye akaurudisha wake, ila huyu alicheka. "Pardon mama, nimeshatawadha. Ukinigusa nitarudi tena kwa maji."

Nilikaa chini. Mama Zaina akadhani ni joto, akaniletea maji. Miaka yote hiyo ukuta kwa ukuta, na sikuwahi kuuliza jambo dogo kama lile. Waislamu wa kwetu Maniema nilikuwa nawaona kwa mbali tu.

Siku iliyofuata nilirudi kwa komisari kubatilisha maneno yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakupandisha sauti.

"Bon. Mama, ile siku uliapa. Leo unasema ingine. Alors, ni siku gani ulisema bongo?"

"Sikusema uongo, papa. Nilikosea."

"Kwa karatasi hakuna kukosea. Ukibadilisha, iko ushahidi ya bongo, unaingia boloko, mu jela, weye mwenyewe. Tena batasema familia yake imekulipa, ao na weye ulikuwa mutu ya waasi. Na yeye hatatoka. Juge atasoma ya kwanza, ile ulisema bila mutu kukulazimisha. Enda nyumbani, lea batoto."

Nilimweleza mume wangu, nikitumaini atanishika mkono. Yeye amerudishwa kazini juzi tu baada ya kuchunguzwa kama alishirikiana na waasi. Alisema, "Ukifungua kinywa tena, watatuchukua wote wawili. Nani atalea batoto? Mdogo wako amekufa, fundi naye ni kama amekufa. Acha." Kisha akalia, na mume wangu si mtu wa kulia. Siwezi kumchukia kwa hilo, maana hofu yake ni yangu pia.

Tatizo ni kwamba fundi hajafa. Jana Mama Zaina amenijia, amekonda, akanishika mikono yote miwili. "Mama, kesi iko juma ijayo. Hatujui nani alimusema. Lakini weye ni jirani, tena weye ni mukristo, weye batakusikia. Unakuja kusema kwa juge kwamba bwana yangu hakukuwa mu ile mambo? Yeye mwenyewe ndiye ametuma nikuombe. Amesema weye ulikuja kwa kilio ya baba yake, hauwezi kumuacha."

Nikamwambia nitakuja. Na kweli nitakuja, maana polisi nao wameniita siku hiyo hiyo, nisimame niyarudie yale ya kwanza. Ni mahakama ya kijeshi. Wanaohukumiwa pale wengi hawarudi makwao.

Ndugu wasomaji, nikisema ndiyo, ninamuua. Nikisema hapana, naacha watoto wanne na huenda bado wakamuua. Nikikimbilia kwetu, watasoma karatasi bila mimi. Wenye kujua sheria, wenye kumjua Mungu, nisaidieni mawazo. Fundi akiniona naingia mlangoni atafurahi, atafikiri nimemjia yeye. Kabla hawajaita jina langu, nifanye nini?