Njia ya Migombani

Bado nawasikia mbuzi wa mahari wakilia asubuhi ile, mwanangu, walipofungwa uani kwetu Butembo. Wakwe walikuwa wametoka Beni nao, na kwetu binti huitwa mbele ya watu wote aseme kwa mdomo wake kama amekubali.

Baba yako nilimpenda, nakwambia wazi. Lakini nilipochungulia na kuona mabenchi yamejaa, ulimi ulinikauka. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikashuka mbio migombani na kitenge changu kipya. Huko nikamkuta nani? Baba yangu mwenyewe, kajificha nyuma ya mgomba, kofia mkononi.

Cheka tu, hata mimi nacheka sasa. Babu yako alikuwa hivyo. Mgeni akibisha hodi mbele, yeye keshatokea nyuma, nami tangu mdogo nikimfuata nikidhani ni mchezo. Majirani walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi nikaamini.

Tukamsikia shangazi akituita kutoka uani. Wageni walidhani tumewadharau, wameanza kuwafungua mbuzi warudi nao kwao. Nikajua mchumba wangu ananiponyoka, na miguu haisogei. Baba aliniangalia sana, kisha akaniita kwa jina langu, akasema polepole:

"Masika, hii moyo ya kuruka-ruka, miye pia niliikuta kwa baba yangu. Lakini hii njia ya kukimbilia, ni miye nilikuonyeshaka. Turudi."

Akanishika mkono. Hatukupita jikoni, alinizungusha hadi mlango wa mbele, watu wote wakituona. Akaomba radhi kwa sauti iliyokatikakatika, nami nikasema "nimekubali" kwa sauti ndogo hata wakaniomba nirudie. Nikarudia. Mbuzi wakapokelewa.

Woga haukuisha siku ile, wala haujaniisha uzeeni huu. Baba naye hakugeuka msemaji. Ila tangu hapo hadi nilipoolewa, kila mgeni alipobisha hodi alinitafuta kwanza, tukatoka pamoja kumsalimu. Nina hamu na mkono ule hadi leo.

Juzi wageni kutoka Mbau walipofika kwako, ulikimbilia jikoni, na mtoto wako akakufuata ameshika kitenge chako. Baadaye ukaniuliza kwa machozi kama ugonjwa huu uko katika damu yetu. Huenda uko, mwanangu. Maji hufuata mkondo, na damu hatukuichagua. Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usimkemee akiogopa, wala usimfiche. Mwambie na wewe unaogopa, kisha mshike mkono mtoke naye kwa mlango wa mbele, hata kama ni salamu moja tu mtakayoweza.

Mungu aitulize mioyo yenu wawili. Na siku mwanao atakapoulizwa nani alimfundisha kupokea watu, amtaje mama yake.